WASIFU WA PERCY JULIAN, MKEMIA WA MAHARAGE YA CALABAR

Maelezo kwa mtahiniwa

Wasifu ni habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mtu mwingine. Hutofautiana na tawasifu, ambayo mtu huiandika mwenyewe kuhusu maisha yake. Soma wasifu ufuatao mara mbili. Mara ya kwanza fuata mtiririko wa matukio. Mara ya pili chukua kalamu, uorodheshe miaka, mahali na sababu ya kila tukio. Mwishoni utakuta mambo ya kukumbuka na maswali ya kujipima.

1. Kuzaliwa na malezi

Percy Lavon Julian alizaliwa tarehe 11 Aprili 1899 katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Ilikuwa imepita miaka 34 tu tangu utumwa ukomeshwe nchini humo. Babu yake alizaliwa mtumwa, na katika ukoo wao ilisimuliwa kwamba mzee huyo alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kusoma na kuandika. Baba yake, James, alikuwa karani wa posta katika treni. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mwalimu. Wazazi hao walijaliwa watoto sita, na waliazimia kwamba wote wafike chuo kikuu.

Azma hiyo haikuwa rahisi. Katika Montgomery ya wakati ule, elimu ya serikali kwa watoto weusi iliishia darasa la nane. Percy alijiunga na chuo cha ualimu cha Wamarekani weusi, ambacho hakikufundisha sayansi kwa kiwango kilichotakiwa na vyuo vikuu. Hata hivyo, mwaka 1916 alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha DePauw, mjini Greencastle, jimbo la Indiana.

Alipofika DePauw aligundua kwamba yuko nyuma ya wenzake. Ilimbidi asome masomo ya chuo na wakati huohuo arudie masomo ya sekondari ambayo hakuyapata kwao. Ili apate ada na chakula, alihudumia mezani na kuchochea moto wa tanuri katika nyumba waliyoishi wanafunzi weupe, naye akalala darini mwa nyumba hiyo. Mwaka 1920 alihitimu akiwa wa kwanza katika darasa lake. Baadaye baba yake alihamishia familia nzima Greencastle ili wadogo zake nao wasome hapo.

2. Safari ndefu ya kutafuta shahada ya uzamivu

Kwa desturi, mwanafunzi aliyeongoza darasa alipata ufadhili wa kuendelea na masomo ya juu. Wenzake walipata. Julian hakupata. Profesa wake, William Blanchard, aliandikia vyuo mbalimbali, lakini majibu yalikuwa ya aina moja: kumsomesha mtu mweusi hadi uzamivu ni kupoteza muda kwa sababu hakuna chuo wala kiwanda kitakachomwajiri. Julian akaenda kufundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Fisk mjini Nashville, chuo cha Wamarekani weusi.

Mwaka 1923 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Harvard. Hapo napo mlango ulifungwa nusu. Kazi ya kufundisha, ambayo ingemwezesha kuendelea na uzamivu, alinyimwa kwa hofu kwamba wanafunzi weupe wasingekubali kufundishwa na mtu mweusi. Akafundisha tena, safari hii katika chuo cha jimbo la West Virginia na kisha katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington.

Mwaka 1929 alipata ufadhili wa kwenda Vienna, Austria. Alisoma chini ya Ernst Späth, bingwa wa alkaloidi. Alkaloidi ni kampaundi zenye naitrojeni zinazopatikana katika mimea, na nyingi kati yake zina nguvu kubwa katika mwili wa binadamu. Kafeini ya kahawa, kwinini ya malaria na nikotini ya tumbaku ni mifano unayoifahamu. Mwaka 1931 Julian alipata shahada ya uzamivu. Alikuwa na umri wa miaka 32, na miaka 11 ilikuwa imepita tangu ahitimu shahada ya kwanza.

3. Maharage ya Calabar

Aliporudi Marekani alifundisha Howard kwa muda mfupi, kisha mwaka 1932 akaondoka baada ya migogoro ya chuoni. Profesa Blanchard alimwita tena DePauw awe mtafiti. Aliongozana na mwenzake kutoka Vienna, Josef Pikl. Hapo ndipo alipoanza kazi iliyompa jina.

Kisa cha kazi hiyo kinaanzia Afrika Magharibi. Katika eneo la Calabar, ambalo leo liko Nigeria, kuna mmea utambaao unaozaa maharage yenye sumu kali. Zamani Waefik waliyatumia katika kiapo. Mtu aliyeshukiwa kosa alipewa maharage hayo; akitapika na kupona, alihesabiwa kuwa hana hatia, na akifa, alihesabiwa kuwa mkosaji. Wamisionari na madaktari wa Uskoti walizipeleka punje hizo Edinburgh katika karne ya 19. Mwaka 1864 wakemia walitenga sumu yenyewe, nayo ikaitwa fisostigmini. Jina lake jingine, eserini, linatokana na neno la wenyeji wa Calabar.

Fisostigmini huzuia kazi ya kimeng'enya kinachovunja ujumbe wa kemikali kati ya neva na misuli. Ikizidi, pumzi hukoma na mtu hufa. Ikitumiwa kwa kipimo kidogo machoni, mboni husinyaa na maji yaliyozidi ndani ya jicho hupata njia ya kutoka. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1877 madaktari waliitumia kutibu glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho na ambao huleta upofu usipotibiwa.

Tatizo lilikuwa kwamba dawa hiyo ilipatikana katika maharage peke yake. Wakemia walikuwa wamefahamu muundo wa molekuli yake tangu mwaka 1925, ila hakuna aliyekuwa ameweza kuiunda maabara kutokana na malighafi za kawaida. Kazi ya kuunda molekuli ya asili hatua kwa hatua huitwa usanisi. Usanisi una faida mbili: huthibitisha kwamba muundo uliopendekezwa ni sahihi, na hufungua njia ya kutengeneza dawa zinazofanana na ile ya asili.

4. Ushindani na Oxford

Julian hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, Robert Robinson na wasaidizi wake walikuwa wakiifanya. Robinson alikuwa miongoni mwa wakemia mashuhuri kuliko wote duniani, na mwaka 1947 angepewa Tuzo ya Nobel. Alikuwa ameshachapisha makala kadhaa kuhusu fisostigmini, na ilionekana kwamba yuko karibu kufika. Julian alikuwa na chumba kidogo cha maabara, Pikl, na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hakuwa na cheo cha profesa.

Wakiwa katikati ya kazi, Julian na Pikl walitengeneza kampaundi iitwayo eserethole, ambayo ni hatua muhimu ya kuelekea fisostigmini. Robinson naye alikuwa ametangaza kwamba ameitengeneza. Lakini tabia za kampaundi hizo mbili hazikulingana. Kampaundi moja haiwezi kuwa na tabia mbili tofauti, kwa hiyo mmoja wao alikuwa amekosea.

Hapo Julian alikuwa na uchaguzi mgumu. Kama angenyamaza, angekosa nafasi. Kama angemkosoa Robinson hadharani kisha ikadhihirika kwamba yeye ndiye aliyekosea, kazi yake ya sayansi ingekwisha pale pale, maana mtu mweusi asiye na cheo asingepewa nafasi ya pili. Julian aliandika wazi katika jarida la Chama cha Wakemia wa Marekani kwamba kampaundi ya Oxford haikuwa ile iliyodhaniwa.

Ilibaki kuthibitisha. Kipimo kilichotumika ni kile unachokijua kutoka maabara ya shule: kiwango cha kuyeyuka. Dutu safi huyeyuka katika nyuzijoto zake maalumu. Ukiwa na dutu mbili na ukitaka kujua kama ni kitu kimoja, unazipasha joto na kulinganisha. Julian na Pikl waliilinganisha kampaundi waliyoiunda na ile iliyotokana na maharage, na viwango vya kuyeyuka vikalingana. Mwaka 1935 walichapisha usanisi kamili wa fisostigmini. Julian ndiye aliyekuwa sahihi.

Mwaka huohuo, mwezi Desemba, alimwoa Anna Roselle Johnson, msomi wa sosholojia ambaye naye alipata shahada ya uzamivu mwaka 1937.

5. Mlango wa chuo wafungwa

Baada ya ushindi huo ungetarajia DePauw impe uprofesa. Blanchard alimpendekeza. Bodi ya chuo ilikataa kwa sababu ya rangi yake. Julian akageukia viwanda. Kampuni moja kubwa ya kemikali ilimpa kazi Pikl, ikamkataa yeye, ingawa wawili hao walikuwa wamefanya utafiti mmoja. Taasisi ya utafiti wa karatasi katika mji wa Appleton, jimbo la Wisconsin, ilitaka kumwajiri, ikakwama kwa sababu mji huo haukuruhusu mtu mweusi kulala humo usiku.

Mwaka 1936 kampuni ya Glidden, iliyotengeneza rangi na mafuta, ilimwajiri awe mkurugenzi wa utafiti katika idara yake ya soya mjini Chicago. Si jambo la kawaida wakati ule kwa mtu mweusi kuwaongoza wakemia weupe. Julian alishika nafasi hiyo kwa miaka 17.

6. Soya ikawa ghala la dawa

Kazi yake ya kwanza Glidden ilikuwa kutenga protini ya soya kwa wingi na kwa bei nafuu. Protini hiyo ilitumika kupaka karatasi ili ziwe laini. Baadaye ilitumika kutengeneza povu la kuzimia moto wa mafuta, na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la majini la Marekani lilizima nalo moto katika meli zake. Mabaharia wengi walipona.

Kazi iliyofuata ilikuwa na uzito zaidi. Alipokuwa akichunguza maharage ya Calabar huko DePauw, Julian alikuwa amekuta fuwele za stigmasteroli, ambayo ni steroli ya mimea. Watafiti wa Ujerumani walikwishaonyesha kwamba stigmasteroli inaweza kubadilishwa kuwa projesteroni, homoni inayolinda mimba. Tatizo lilikuwa kuipata kwa wingi. Julian alijua kwamba mafuta ya soya yana stigmasteroli, lakini kuitoa humo bila kuharibu mafuta kulikuwa kugumu.

Karibu na mwaka 1940 ilitokea ajali kiwandani. Maji yalivuja na kuingia katika tangi kubwa la mafuta ya soya, na kitu cheupe kikajikusanya ndani yake. Wafanyakazi waliona hasara. Julian aliona steroli. Maji yalikuwa yamezitenganisha na mafuta. Kutokana na ajali hiyo alibuni njia ya kuzitoa steroli kwa wingi kiwandani na kuzigeuza kuwa projesteroni na homoni nyingine. Homoni hizo, ambazo awali zilitolewa kwa tabu katika viungo vya wanyama, sasa zilitengenezwa kwa kiasi cha kutosha hospitali. Wanawake waliokuwa katika hatari ya kuharibikiwa mimba walikuwa miongoni mwa walionufaika.

Zingatia, mtahiniwa: ajali ilitokea mbele ya watu wengi, na aliyefaidika nayo ni yule aliyekuwa na maarifa ya kuielewa.

7. Kotisoni: nani alifanya nini?

Mwaka 1949 madaktari wa Kliniki ya Mayo, jimbo la Minnesota, walitangaza kwamba homoni iitwayo kotisoni huwapa nafuu kubwa wagonjwa wa baridi yabisi. Watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani walitembea. Lakini kotisoni iliundwa kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa zaidi ya hatua 30, na gharama yake ilikuwa kubwa mno kwa mgonjwa wa kawaida.

Mwaka huohuo Julian alitangaza njia bora ya kutengeneza dutu S kutokana na steroli za mimea. Dutu S inafanana sana na hidrokotisoni, ndugu wa karibu wa kotisoni. Imepungukiwa atomu moja tu ya oksijeni, katika kaboni namba 11. Kuiweka atomu hiyo mahali pake ndiko kulikokuwa kugumu. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Upjohn walionyesha kwamba kuvu fulani huweza kuiweka oksijeni hiyo kwa hatua moja. Njia ya kuvu ilipokutana na steroidi zinazotokana na mimea, dawa za jamii ya kotisoni zilianza kushuka bei.

Watahiniwa wengi huandika kwamba Julian aligundua kotisoni. Hilo si kweli, na litakupotezea alama. Kotisoni ilitengwa na wengine, na matumizi yake kwa baridi yabisi yalionyeshwa na wengine. Mchango wa Julian ni kurahisisha upatikanaji wa malighafi na kubuni njia bora ya kufika kwenye dutu S. Mchango huo ni mkubwa wa kutosha, hauhitaji kutiwa chumvi.

8. Moto na baruti Oak Park

Mwaka 1950 gazeti moja la Chicago lilimchagua Julian kuwa mkazi bora wa mwaka wa jiji hilo. Mwaka huohuo alinunua nyumba Oak Park, kitongoji walichoishi weupe. Mwezi Novemba, kabla familia haijahamia, watu wasiojulikana walijaribu kuichoma nyumba hiyo moto. Mwezi Juni 1951 baruti ilirushwa karibu na dirisha la chumba walimolala watoto wake. Hakuna aliyeumia.

Julian hakuhama. Alikesha na bunduki akiilinda nyumba yake, naye akaajiri walinzi. Baadhi ya majirani weupe walimuunga mkono hadharani. Familia iliendelea kuishi Oak Park.

9. Maabara zake mwenyewe

Mwaka 1953 Julian aliacha kazi Glidden na kuanzisha kampuni yake, Maabara za Julian, katika kitongoji cha Franklin Park. Aliajiri wakemia weusi waliokuwa wakikataliwa kwingine. Malighafi mpya ya steroidi wakati huo ilikuwa aina ya kiazi kikuu cha mwituni kinachoota Mexico. Mwaka 1961 aliiuza kampuni hiyo kwa zaidi ya dola milioni 2. Mwaka 1964 alianzisha taasisi ya utafiti, akaendelea kufanya kazi hadi uzeeni.

Mwaka 1973 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Alikuwa mkemia mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 74, na miaka 38 ilikuwa imepita tangu achapishe usanisi wa fisostigmini. Alifariki dunia tarehe 19 Aprili 1975 kwa saratani ya ini.

10. Athari ya utafiti wake hupimwaje?

Mtafiti anapoandika makala hutaja makala za wengine alizozitegemea. Kutaja huko huitwa kurejelea. Mwaka 1964 taasisi moja ya Philadelphia, iliyoanzishwa na Eugene Garfield, ilianza kutoa faharasa kubwa inayoonyesha kila makala imerejelewa na nani. Tangu hapo imezoeleka kuhesabu marejeleo ili kupima athari ya mwanasayansi: kadiri makala inavyorejelewa mara nyingi, ndivyo inavyohesabiwa kuwa na athari. Tukitumia kipimo hicho kwa Julian, tunapata mambo matatu.

Kwanza, makala zake za fisostigmini bado zinarejelewa. Sababu yake ni ya kikazi. Mkemia wa leo anayebuni njia mpya ya kuunda fisostigmini mara nyingi huishia katika kampaundi ya katikati ambayo tayari inajulikana, kisha huonyesha kwamba hatua zilizobaki zilikwishafanywa na Julian na Pikl. Hana haja ya kuzirudia. Aidha, fisostigmini ilikuwa kielelezo cha dawa nyingine, kama neostigmini na rivastigmini; hii ya pili hutumika kwa wagonjwa wa kusahau wa Alzheimer. Kila utafiti wa jamii hiyo ya dawa unapofufuka, wakemia hurudi kwenye kazi ya mwaka 1935.

Pili, sehemu kubwa ya kazi yake haimo katika majarida. Mfanyakazi wa kiwanda huandika hataza, yaani hati inayolinda uvumbuzi, na hataza humnufaisha mwajiri. Julian alikuwa na hataza zaidi ya 100. Anayehesabu marejeleo ya makala peke yake hazioni. Kumbuka pia kwamba Julian hakuchagua kiwanda kwa kupenda. Alikwenda huko kwa sababu chuo kilimnyima uprofesa. Hivyo ubaguzi ulimwathiri mara mbili: ulimnyima cheo alipokuwa hai, na ukaificha kazi yake mahali ambapo wahesabuji hawaangalii.

Tatu, maarifa yakishakuwa ya kawaida, watu huacha kutaja chanzo chake. Mfamasia anayetoa dawa ya steroidi hataji aliyebuni njia ya kutoa steroli katika soya, kama vile wewe usivyomtaja aliyebuni kalamu unapoandika mtihani. Kutotajwa huku ni dalili kwamba kazi imeenea, lakini katika hesabu ya marejeleo huonekana kama sifuri.

Kwa hiyo hesabu ya marejeleo ni kipimo chenye manufaa na chenye mipaka. Kama kipimajoto, kinasema kweli kuhusu kile kilichogusa. Ili kumpima mtu kama Julian, sharti tuangalie pia hataza, dawa zilizofika hospitali, na wanafunzi na wafanyakazi aliowafungulia njia.

11. Hitimisho

Kutambuliwa kwake kuliongezeka baada ya kifo. Mwaka 1993 Marekani ilitoa stempu ya posta yenye picha yake. Mwaka 1999 Chama cha Wakemia wa Marekani kiliutangaza usanisi wa fisostigmini kuwa tukio la kihistoria katika kemia ya taifa hilo, na kumbukumbu yake ikawekwa DePauw, chuo kilekile kilichomnyima uprofesa. Jengo la sayansi na hisabati la chuo hicho lina jina lake. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Julian alivumilia, na sehemu ya matunda aliyoyapanda inaliwa na watu wasiomjua: mgonjwa wa macho, mama mjamzito na mzee mwenye viungo vinavyouma.

Mambo ya kukumbuka

(a) 1899 kuzaliwa, 1920 kuhitimu DePauw, 1931 uzamivu Vienna, 1935 usanisi wa fisostigmini, 1936 kuajiriwa Glidden, 1949 njia ya dutu S, 1953 kuanzisha kampuni, 1973 kuchaguliwa Chuo cha Taifa cha Sayansi, 1975 kufariki.
(b) Fisostigmini inatokana na maharage ya Calabar na ilitumika kutibu presha ya macho.
(c) Julian hakugundua kotisoni. Alibuni njia bora ya kutengeneza dutu S.
(d) Hesabu ya marejeleo haionyeshi hataza wala maarifa yaliyokwisha kuwa ya kawaida.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya wasifu na tawasifu, kisha utoe sababu mbili zinazoonyesha kwamba habari hii ni wasifu.
2. Taja vikwazo vinne alivyokumbana navyo Julian katika elimu na ajira.
3. Kwa nini kulinganisha viwango vya kuyeyuka kuliweza kuamua nani yuko sahihi kati ya Julian na Robinson?
4. Ajali ya tangi la soya inafundisha nini kuhusu uhusiano wa bahati na maarifa? Jibu kwa maneno yasiyozidi 60.
5. Fupisha sehemu ya 10 kwa maneno yasiyozidi 80.
6. Andika insha ya maneno 350 kuhusu mada hii: Kazi njema haipotei hata kama mtendaji hakutajwa. Unga mkono au upinge, ukitumia hoja kutoka katika wasifu huu.

Dokezo la swali la 3: Anza kwa kueleza kwamba dutu safi ina kiwango chake maalumu cha kuyeyuka. Kisha onyesha kwamba kampaundi ya Julian ililingana na ile iliyotokana na maharage. Malizia kwa kueleza kwamba ya Oxford ilikuwa na tabia tofauti, kwa hiyo haikuweza kuwa kampaundi ileile. Mtahiniwa anayetaja matokeo tu bila kutoa sababu hapati alama zote.